Raba za Kanye nizivue?

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni kinyozi, nina saluni yangu Mbagala. Kanye West, yule rapa wa Marekani, nimemsikiliza tangu niko sekondari, na juzi kati nimepata raba zake, Yeezy, pale Karume, mtumba lakini grade one kabisa. Sasa kuna mteja wangu mmoja kila akija anazikodolea macho, anasema eti namtangaza mtu anayemsifia Hitler, nizivue na nyimbo zake nisipige tena saluni. Mshkaji wangu naye anasema muziki ni muziki, mdomo wa mtu haumhusu. Nimsikilize nani?
Kinyozi, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Raba vaa. Adidas, waliokuwa wanamtengenezea hizo Yeezy, walimtimua Kanye tarehe 25 Oktoba 2022 kwa zile kauli zake dhidi ya Wayahudi, mzigo uliobaki stoo wakaanza kuuza 2023 na sehemu ya hela wakatoa kwa taasisi zinazopambana na chuki. Wewe sasa umenunua pea ambayo mtu kashaivaa huko ikaingia kwenye belo, hela yako imeishia kwa muuzaji wa Karume, Kanye hajaona hata senti (na kama ni feki, maana Karume naijua, ndo kabisa).

Kwenye nyimbo kidogo kuna kitu. Ukipiga YouTube tangazo likapita, au ukistrimu Spotify, kuna chochote kinaenda kwa wenye haki za wimbo na yeye yumo. Ni kidogo mno, sikudanganyi kwamba saluni ya Mbagala ndo inamlisha. Zile zilizo kwenye flashi tangu sekondari hazimwongezei kitu, na sikuulizi ulizipata wapi.

Ila mshkaji wako namkatalia. Februari 2025 jamaa alilipia tangazo wakati wa Super Bowl, ile fainali ya mpira wa Kimarekani, watu kuingia kwenye tovuti yake wanakuta kinauzwa kitu kimoja tu, tisheti nyeupe yenye alama ya Wanazi, wale watu wa Hitler, mpaka Shopify, kampuni iliyokuwa inaendesha hilo duka la mtandaoni, wakalifunga. Hapo chuki yenyewe ndo ilikuwa bidhaa, utasemaje mdomo wake haukuhusu? Na kabla ya Wayahudi alishatugusa sisi weusi, Mei 2018 alisema utumwa wa miaka 400 ni kama watu waliuchagua wenyewe, na Bagamoyo tunayo hapa jirani. Oktoba mwaka huohuo akatua Uganda, akampa Museveni raba nyeupe za Yeezy pale Entebbe, picha zikapigwa, watu wakacheka wakasonga mbele. Mimi hilo lilinikera kuliko raba zako.

Najua mtaniambia anaumwa. Kweli, mwenyewe anasema ana bipola, ule ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Desemba 2023 aliomba radhi kwa Kiebrania Instagram, Februari 2025 akajiita Mnazi, Januari 2026 akalipia ukurasa mzima wa gazeti la Marekani, Wall Street Journal, kuomba radhi tena. Namwombea apone, ila wapo wengi wanaumwa hivyohivyo na Hitler hawamtaji, kwa hiyo hela yangu mimi itasubiri kwanza: tisheti zake mpya, tiketi, albamu mpya, hapana. Zile za zamani sikiliza, hata mimi nazisikiliza nikipika.

Saluni lakini siyo kwako peke yako mwanangu. Mteja kashafungwa kitambaa shingoni, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, atatokaje akichukia? Akija huyo kaka weka nyimbo nyingine, hupungukiwi kitu, akiondoka rudisha Kanye wako. Raba usivue, akikodoa tena mwambie ni za Karume.

Halafu nikuulize, kibali cha kupiga muziki kwenye biashara unacho? Maana kuna wasanii wa hapahapa Bongo nao wanadai chao.