Ile kaseti ya Shiprock

Mwanangu Mwanaidi,

Umeuliza kama kaseti uliyoikuta chini ya sanduku langu, ile yenye mwandiko wa marehemu baba yako "Shiprock", inaweza kuhamishiwa kwenye simu. Mambo ya mitambo muulize kaka yako. Mimi nataka ujue iliingiaje sandukuni.

Ulikuwa na miaka mitatu, tuko Albuquerque, Marekani, kwa masomo ya baba yako. Oktoba ile tukaenda kwenye maonyesho ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa huko, kwenye mji wao wa Shiprock, wewe umelala ndani ya lile blanketi la maua. Usiku wa mwisho wachezaji wa ngoma ya Yeibichai, na vinyago vyao na manyanga mikononi, huimba mpaka alfajiri. Mwanangu, sauti ile! Inapanda nyembamba, inakatika, inarudi tena kutoka chini. Langoni palikuwa na bango la kukataza kurekodi, nami nililisoma. Nikawasha redio ya kaseti ndani ya koti, irekodi.

Mama mmoja mtu mzima, amejitanda shali, akaweka kiganja chake juu ya koti langu, pale pale ilipo redio. Hakusema neno. Akanitazama, kisha akawageukia wachezaji. Nikazima. Uzito wa kiganja kile ninao mpaka leo.

Maana ile si ngoma ya kuburudisha watu. Ni usiku wa tisa wa uganga, una mgonjwa wake, na mwimbaji wao, hataałii, husomea miaka mingi kwa sababu wimbo ukikosewa dawa inaharibika. Nani wa kulijua hilo kama si mimi, binti wa kungwi? Bibi yako hakuwahi kumwimbia mtu wa nje hata ubeti mmoja wa unyago, na unakumbuka walivyomfuata na sukari na kanga. Wimbo una wenyewe.

Halafu nawakumbuka Walakota, wenyeji wengine wa asili wa Marekani, hao wanaoitwa Wasioux. Serikali ya Marekani ilipiga marufuku Ngoma yao ya Jua mwaka 1883. Miaka kama thelathini baadaye Frances Densmore, mtafiti wa muziki, alifika Standing Rock kwao na mtambo wa kunasa sauti kwenye nta, na wazee wakamwimbia, hata nyimbo za ngoma hiyohiyo. Sauti zao zipo Washington mpaka sasa. Kwa hiyo kunasa peke yake si kosa. Lakini wale walitoa wenyewe, mimi nilichukua. Wimbo una wenyewe, Mwanaidi, nimekuambia tangu ukiwa mdogo.

Mbona basi sikuitupa? Tumehama nyumba nne, kila mara naifunga kwenye kitambaa. Ningekuambia uifute leo hii... hapana, sisemi. Labda ingefaa irudishwe kwao. Na kama nayo ni kuwatonesha? Wewe mtu mzima sasa, una akili zako.

Ila nakuja Idi. Isiingie kwenye mashine yoyote kabla sijafika.

Mama yako