Re: Hivi muvi za Uingereza vijana wote ni wahuni tu?

Mkuu umeuliza kama kule kijana akionekana kwenye muvi lazima awe na kisu na hudi kichwani. Kuna kipindi ilikuwa hivyo kweli, cheki Harry Brown ya 2009, mzee Michael Caine mwanajeshi mstaafu anawamaliza madogo wa mtaani kwake mmoja mmoja na wewe mtazamaji unatakiwa ushangilie, hao madogo hata hujui wametokea wapi, mi iliniboa.

Afu 2011 ikaja Attack the Block, hii inaanza hivyohivyo, madogo wa maghorofa ya South London wanamkaba nesi usiku, unasema haya ndo walewale, mara vinashuka viumbe kutoka angani na haohao vibaka ndo wanabaki kulilinda jengo. Ndo muvi ya kwanza ya John Boyega kabla hajaenda Star Wars.

Ila kama una muda wa moja tu tafuta Rocks ya 2019. Binti wa Hackney, mtaa wa London, mama kaondoka kaacha hela kidogo na barua, binti anahangaika na mdogo wake wa kiume ili watu wa ustawi wa jamii wasiwatenganishe. Wale mabinti wengi hawakuwa waigizaji kabisa, walipatikana mashuleni wakakaa kwenye warsha muda mrefu na waandishi, ndo maana utani wao darasani unasikika wa kweli kabisa. Weka sabtaito lakini, kile Kiingereza chao aisee 😂