Ndio mama mdogo, nina miaka 43 na bado nacheza gemu

Shikamoo mama mdogo, na nyie wengine wote kwenye grupu la ukoo salamu nyingi. Ile voisi yako nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa kazini nikacheka peke yangu mpaka jamaa wa pembeni akaniangalia. Mke wangu kaituma ile picha kwa nia njema kabisa, mimi na dogo, mwanangu, tumekaa chini kwenye zulia, padi mkononi, midomo wazi kama tumeona jini, Jumamosi saa tano asubuhi. Ukasema "mtu mzima na ndevu zake, wenzie wanajenga yeye anacheza gemu, utakua lini wewe". Halafu kaka nae akadakia hapo hapo kwamba amesikia huku Marekani wanafunzi wa chuo wanaocheza ule mpira wa kuvaa helmeti wanalipwa mamilioni, na mwanae ana mwili na mbio, nimfanyie mpango. Nimeona nijibu yote kwa mpigo maana nikijibu vipande vipande mtasema nakwepa.

Tuanze na nyumba tuimalize. Msingi upo Chanika, tofali zimeota nyasi, najua, na picha mmeshanitumia bila kuombwa. Kilichokwamisha ni kodi ya huku, bima, gari, na ada ya mtu flani humu ndani ambaye simtaji. Gemu jipya ni dola 70, nanunua moja kwa mwaka. Hata nikiacha leo mpaka nizeeke, hiyo hela haifikishi ukuta kwenye lenta.

Sasa mama mdogo na wewe nikukumbushe kitu. Mwaka 1998 pale Temeke kulikuwa na kibanda cha gemu nyuma ya mashine ya kusaga, TV mbili za kichogo na benchi moja, na aliyekuja kunitoa mle ndani na mwiko wa ugali mkononi ni wewe, nilikuwa nimekula hela ya sukari yote kwenye Winning Eleven. Mle ndani tulikuwa watoto ishirini kwa padi nne. Unacheza dakika kumi unafungwa unatoka, saa nzima iliyobaki ni kelele, kutaniana, kugombania zamu, kuna mmoja alikuwa anatangaza mechi kama redioni. Marafiki zangu wote wa leo mnaowajua, hata aliyenisimamia harusi, nimewapata kwenye lile benchi.

Huku hamna benchi. Hiki ndo kitu siwezi kuwaelezea mkaelewa mpaka mje mkae hata miezi mitatu, tena iwe mwezi wa kumi na mbili, saa kumi na moja jioni giza limeshaingia na nje barafu. Mtoto hatoki tu akaenda kwa jirani. Mtaa mzima unaona magari yanaingia gereji, geti linashuka, basi, tumeishi hapa miaka sita jirani wa kulia namjua kwa rangi ya gari lake. Mtoto akitaka kucheza na mwenzie wazazi tunaandikiana meseji wiki nzima kama tunapanga posa. Kwa hiyo dogo akirudi shule uwanja wake ni ile TV, anavaa hedifoni anaongea na wenzie watatu wanne, kila mmoja yuko chumbani kwao. Mimi mwanzo nilikuwa kama wewe, nikipita naona uvivu tu, nazima. Nilipozima ndo nikagundua sijamfungia gemu, nimewafungia mlango marafiki zake.

Na mimi mwenyewe nabeba boksi kweli, sio kwa mafumbo, ghala lipo upande wa uwanja wa ndege wa Rickenbacker, shifti ya usiku. Naingia nyumbani saa moja asubuhi wao wanatoka, wakirudi mimi ndo nimeamka nimenuna. Ilifika mahali mimi na mwanangu wa miaka 13 tunasalimiana kama wapangaji. Kiswahili anakielewa ila anajibu kwa Kiingereza, ukimkalisha kwenye kiti ukamuuliza shule vipi, anasema okei. Marafiki? Okei. Umekula? Okei. Sasa utaongea nini na mtu wa hivo.

Hapo ndo mpira wa chuo ukaingia.

Columbus, Ohio, bana, huu mji una dini moja kubwa na dini hiyo inaitwa Ohio State. Sio timu ya kulipwa, ni timu ya wanafunzi, lakini uwanja wao unaingiza watu 102,780 na unajaa. Siku za mwanzo niko dukani nachagua nyanya, mzee wa Kizungu akanipigia kelele "O-H!" usoni, nikarudi nyuma nikajua ndo ubaguzi niliokuwa nausikia umefika leo. Kumbe natakiwa nijibu "I-O!", ndo salamu yao, mji mzima. Na watani wao wa jadi ni Michigan, chukueni Simba na Yanga kisha muongeze chuki kidogo, ile wiki ya mechi wanaziba kila herufi M kwenye mabango ya chuo kwa alama nyekundu. Watu wazima hao, maprofesa.

Mi nilikuwa siuelewi ule mpira hata kidogo. Watu wanakimbia sekunde tano wanasimama dakika nzima, nikauliza mpira uko wapi sasa. Aliyenifundisha ni dogo, na alinifundisha kwenye gemu. Hili gemu la mpira wa chuo lilipotea tangu toleo la 2013 likarudi Julai 2024, siku lilipotoka kuna watu kazini waliomba ruhusa wanaumwa, mabosi pia. Basi akaniwekea padi mkononi akaanza: baba, una nafasi nne za kusogeza mpira yadi kumi, ukifikisha unaanza upya, ukishindwa unampa mwenzio. Nafasi ya nne usiwe mbishi, piga mbali. Mimi mbishi. Nafasi ya nne, zimebaki yadi saba, niko kwenye eneo langu mwenyewe nikarusha mpira moja kwa moja mikononi mwa adui, dogo akaanguka kwenye zulia anacheka mpaka anakohoa, sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilimsikia lini akicheka vile na mimi nikiwa chumba hicho hicho.

Tangu hapo Jumamosi asubuhi ni zetu. Kuna sehemu ya gemu unakuwa kocha, unaita watoto wa sekondari waje timu yako, msimu hadi msimu. Yeye kachukua Ohio State kama kila mtu. Mimi nimechukua Kent State, chuo kingine cha huku huku Ohio ambacho mwaka 2024 kilicheza mechi 12 kikafungwa zote 12. Dogo akasema baba mbona unajitesa. Nikamwambia mwanangu mimi nimekuja nchi hii na begi moja, wacha nianze na hawa.

Novemba 30 ile ya 2024 tulikaa wote kuangalia mechi yenyewe ya kweli, Ohio State nyumbani dhidi ya Michigan, kila mtu ana uhakika wa ushindi, wakafungwa 13 kwa 10. Michigan wakaja kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikalipuka, polisi wakapuliza pilipili. Dogo akaingia chumbani akafunga mlango. Nikasubiri nusu saa nikagonga, nikamwambia njoo turudie mechi, mimi nachukua Michigan. Alinifunga 52 kwa 7, na wala sikumwachia, mi ni mbovu tu. Kwenye robo ya tatu hivi, macho yake kwenye TV, vidole vinacheza, akaniambia kama anataja hali ya hewa kwamba tangu Oktoba anakula chakula cha mchana peke yake shuleni, rafiki yake alihamia Texas. Oktoba mama mdogo. Nimemuuliza "shule vipi" kila siku ya Mungu na akaniambia okei. Sikusimamisha gemu, nilijua nikisimamisha nikamgeukia anafunga mdomo, nikasema ehe, halafu? Akaendelea. Nikafungwa mabao mengine mawili hapo hapo.

(Januari 20 iliyofuata hao hao Ohio State wakawafunga Notre Dame 34 kwa 23 wakabeba ubingwa wa nchi. Mpira hauna adabu.)

Sasa msije mkadhani gemu ni malaika. Kuna gemu lingine, silitaji jina, lilininyofoa dola 340 wikiendi moja. Binti yangu wa miaka tisa, kadi yangu ilikuwa imejihifadhi humo, akawa ananunua vifurushi vya kufungua, unalipa kwanza ndo unaona umepata nini. Mnayajua yale mashine ya dubwi ya Mchina pale stendi, vijana wanatumbukiza jero jero? Ni dubwi lile lile, limepakwa rangi za kitoto. Niliwaandikia wakanirudishia dola 60 na ujumbe mtamu. Na sio mimi peke yangu kwenye haya mambo, mwaka 2022 Epic Games wenye Fortnite, ambao sio hao walionila mimi, walikubali na serikali ya Marekani kutoa dola milioni 245 za kurudishia wateja walionunulishwa vitu bila kukusudia. Siku hizi kadi nimetoa, na saa nimeweka, ikifika saa mbili usiku mashine inajizima mpaka uingize namba ya siri. Namba yenyewe ni mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Watoto wote wawili wamejaribu miezi na miezi hawajaotea. Nilifurahi kwa usalama wa kadi, halafu nikakaa kitandani nikajiona mjinga, maana nilichokificha ndani ya namba ile ndo kitu nilichotakiwa kuwa nimewafundisha.

Haya kaka, zamu yako. Uliyosikia ni kweli nusu. Zamani hawa wachezaji hawakulipwa hata senti zaidi ya ada na chakula, na lile gemu lilikufa kwa sababu hiyo hiyo. Mchezaji mmoja wa zamani wa kikapu wa chuo cha UCLA, Ed O'Bannon, alijiona kwenye gemu la kikapu, jezi yake, upara wake, hakuna aliyemuomba wala kumlipa, mwaka 2009 akaenda mahakamani. Kuanzia Julai 2021 wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao, na gemu liliporudi kila mchezaji aliyekubali kuwemo alipewa dola 600 na gemu moja bure. Dola 600 kaka, mie napata hiyo kwa wiki yenye ovataimu kidogo. Mamilioni yapo, tangu 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kugawa hela kwa wanamichezo wao, mwaka wa kwanza mpaka dola milioni 20.5 kwa chuo, ila hizo zinakwenda kwa vijana wachache ambao makocha walianza kuwafuata tangu wana miaka 14. Vijana wa sekondari wanaocheza huu mpira nchi nzima ni zaidi ya milioni moja. Wanaochaguliwa kwenda ligi ya kulipwa kwa mwaka ni kama 257. Mwanao ana miaka 19, ana mbio, sawa, hajawahi kuvaa helmeti na hajui nafasi ya nne ni nini. Hata mimi juzi juzi tu ndo nimeijua.

Na kuna la kichwa. Dogo wangu nae aliomba kucheza ule wa kugongana shuleni, mama yake akakataa, tukagombana kidogo, baadae nikasoma nikanywea. Chuo Kikuu cha Boston mwaka 2023 walitoa hesabu ya bongo 376 za watu waliowahi kucheza ligi ya kulipwa, 345 walizikuta na ule ugonjwa wa kupigwa pigwa kichwa. Wanasema wenyewe kwamba zinazoletwa ni za watu ambao mara nyingi familia zilishaona dalili, kwa hiyo sio kwamba kila mchezaji atakuwa hivo, ila mimi imenitosha. Dogo anacheza ule wa kuchomoa kitambaa kiunoni, bila kugongana. Kama mwanao anataka kuja kusoma tuongee kusoma, tutafute chuo, tuangalie ada, hapo nipo. Mpango wa helmeti sina.

Uwanjani kwenyewe nimeingia mara moja, jamaa wa kazini alinipa tiketi mbili za Septemba 2024, dhidi ya Western Michigan, timu ndogo, walipigwa 56 kwa 0. Tulikaa juu kabisa kule kunguru wanakopumzika. Kabla ya mechi ile bendi yao ya tarumbeta inatembea, inatembea, mpaka inaandika neno Ohio uwanjani kwa mwandiko wa kuunganisha, halafu jamaa mmoja mwenye tarumbeta kubwa la kuvaa mwilini anatoka kwa madaha kwenda kusimama juu ya herufi i awe nukta yake. Watu laki wanapiga kelele kwa ajili ya nukta. Dogo akanishika mkono wa koti akanionyesha kwa kidole, akasema, kwa Kiswahili, "baba ona, ona." Sikumjibu kitu, koo lilikuwa limekaba.

Kwa hiyo mama mdogo, Jumamosi asubuhi ukiona sipokei ujue niko kwenye zulia. Na ile Jumamosi ya mwisho ya Novemba mechi ya Michigan huwa inaanza saa sita mchana ya huku, kwenu ni saa mbili usiku, simu yangu itaita tu. Kama ni msiba mpigieni mke wangu, yeye timu yake ni Yanga.