Kausha damu kwanza, Mangi atasubiri

Dada, nimekuelewa: mshahara laki sita, madeni kwa kausha damu (mkopeshaji wa mtaani wa riba kubwa), Saccos, programu ya mikopo ya simu na Mangi wa dukani, na kadi yako ya benki anayo huyo wa kausha damu. Unauliza uanze kulipa lipi.

Anza na kadi. Nenda benki wakupe mpya, kisha mwambie mkopeshaji utamlipa mwenyewe, kwa maandishi na risiti.

Halafu maliza deni la huyo kabla ya wengine. Laki mbili kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi ni elfu 40 inayoondoka na deni liko palepale! Saccos omba wakuongezee muda. Mangi mpe elfu kumi kumi, na daftari lifungwe. Sukari nunua taslimu.

Programu ya simu: Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza 69 zisizo na leseni, angalia kama yako imo. Wenye programu wakiwatumia ndugu zako meseji za kukudhalilisha, hifadhi picha za skrini, ulalamike Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Usikope kulipa mkopo, labda Saccos wakikupa kwa riba nafuu. Kama uliweka hati ya nyumba, muone wakili wiki hii.