Bibi Yako Hajakosea: Msukule Hali Watu

*Shangazi, shikamoo. Nina duka la vifaa vya simu hapa Makambako, na jioni nikishafunga huwa naangalia filamu za mazombi nyumbani kwa bibi. Juzi bibi alisimama nyuma yangu akatazama maiti wakimrarua mtu, akauliza hao ni nani. Nikamwambia, "Bibi, hao ndio misukule." Akasema, "Msukule hali watu, msukule hulima." Nikabisha, akanuna, na mpaka leo chai ananiwekea bila kunisemesha. Nani amekosea? Na kama ni kitu kimoja, kwa nini wa kwao wanakula watu na wa kwetu wanalima?*
*Muuza simu, Makambako*

Marahaba, mwanangu. Bibi yako hajakosea. Kesho asubuhi, kabla hujafungua duka, kamwombe radhi, halafu msimulie haya.

Zombi naye alianza kwa kulima. Kwao ni Haiti, enzi Wafaransa walipokuwa wakiiita Saint-Domingue na kuwapeleka huko Waafrika wakalime miwa. Wakati wa mavuno kinu cha sukari hakikuzimwa, usiku na mchana, na mtumwa hakuishi miaka mingi shambani. Kwa mtu wa namna hiyo kifo ndicho kilichokuwa mapumziko. Wengi waliamini kwamba ukifa roho inavuka bahari, inarudi Guinea, yaani kwao Afrika. Basi jaribu kuwaza kitu ambacho mtu huyo angekiogopa kuliko kufa. Ni kufa, ukazikwa, ukaliliwa, kisha usiku mtu akakufukua na kukurudisha kwenye miwa.

Huyo ndiye zombi wa kwanza. Hamng'ati mtu. Anafanya kazi, hasemi, hajui jina lake. Wahaiti walimhurumia zaidi ya kumwogopa. Walichokiogopa ni kufanywa yeye. Na wanasimulia kwamba zombi hapewi chakula chenye chumvi, maana akionja chumvi anazinduka, anakumbuka yeye ni nani, anaondoka zake kulitafuta kaburi lake. Muulize bibi msukule hula nini. Atakujibu pumba. Muulize kwa nini hasemi. Atakujibu amekatwa ulimi. Watu wawili ambao hawajapata kuonana, mmoja Karibiani na mmoja Makambako, wanasimulia juu ya mfanyakazi asiyelipwa, anayelishwa ovyo, asiye na sauti ya kulalamika.

Haiti ilijikomboa 1804, lakini 1915 wanajeshi wa Marekani waliivamia wakakaa mpaka 1934. Walifufua sheria ya zamani ya kuwalazimisha wakulima kujenga barabara bila ujira, na waliotoroka walirudishwa wamefungwa kamba. Katika miaka hiyohiyo Mmarekani mmoja, William Seabrook, alikwenda huko, na 1929 akatoa kitabu chenye habari za mazombi waliodaiwa kulima miwa ya kampuni ya sukari ya Wamarekani. Miaka mitatu baadaye ikatoka White Zombie, filamu ya 1932, na humo mna tukio ambalo nakuomba ulitafute. Ni ndani ya kinu cha sukari. Mazombi weusi wanasukuma gurudumu kubwa. Mmoja anateleza na kutumbukia kwenye mashine. Wenzake hawageuzi hata shingo, gurudumu linaendelea kuzunguka. Na mwenye kinu anajisifu kwamba watu wake hawajali saa za kazi kuwa nyingi.

Sasa hao walaji wako wametoka wapi? Wametoka Pennsylvania, mwaka 1968, katika Night of the Living Dead, filamu ya mwongozaji George Romero. Humo hata neno zombi halitamkwi. Maiti wanainuka wenyewe, hawana bwana, hawana shamba, wanakula. Romero aliwageuza, na dunia nzima ikamfuata. Kitu kimoja kidogo kilisaidia: jina la filamu lilibadilishwa dakika za mwisho, na walipobadilisha wakasahau kurudisha alama ya hakimiliki, kwa hiyo yeyote aliweza kuinakili bila kulipa mtu. Ndiyo maana ilitufikia hata sisi.

Nasema sisi kwa sababu niliiona kwenye kibanda cha video cha baba yangu, Mji Mpya, Morogoro. Ilikuwa kabla ya 1994, Bara hatujawa na kituo hata kimoja cha televisheni. Baba alikuwa na deki moja, mikanda isiyofika thelathini, na mabenchi aliyopigilia misumari mwenyewe. Mimi nilikaa mlangoni na kopo la kiingilio. Yeye alisimama kando ya skrini akatafsiri, na pale asipoelewa alitunga. Filamu ni ya rangi nyeusi na nyeupe, watu wakaguna, wakataka warudishiwe hela. Halafu wakaona shujaa ni Mweusi. Wakatulia.

Mtu huyo, aliyeigizwa na Duane Jones, anakesha usiku kucha kwenye nyumba ya shamba akipigilia mbao madirishani, akibishana na Mzungu anayetaka wote wajifungie kwenye chumba cha chini ya nyumba. Wenzake wote wanakufa. Anapona peke yake. Asubuhi anasikia watu wenye bunduki, watu wazima kabisa wa damu na nyama, anasogea dirishani, na wanampiga risasi ya kichwa wakidhani ni maiti. Kisha wanamvuta kwa kulabu, wanamtupa kwenye moto pamoja na maiti wengine. Kibandani hakukuwa na ukelele. Mzee mmoja aliyekuwa akitoka zamu ya kiwandani alimuuliza baba, "Kwani hawakumuona kuwa ni mtu?" Baba alikuwa na jibu la kila kitu, siku ile hakujibu.

Romero alikuwa ndani ya gari akiipeleka filamu hiyo New York siku redio ilipotangaza kwamba Martin Luther King, mtetezi wa haki za Weusi wa Marekani, ameuawa, Aprili 4, 1968. Alishapiga picha zote, hakuwa amemtungia King kitu. Watu wenye bunduki na mbwa walikuwapo tayari nchini mwake, kamera ilichofanya ni kuwaelekea.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini wa kwao wanakula na wa kwetu wanalima, jibu langu ni hili: tazama mwenye hofu amesimama wapi. Zombi wa Haiti na msukule wa bibi wametungwa na mtu aliyeko shambani, jembe mkononi, akiogopa kwamba hata kaburi halitampumzisha. Zombi wa kwenye simu yako ametungwa na mtu aliye ndani ya nyumba, anachungulia dirishani, anaogopa walio nje watakuja kumla. Ni kiumbe yuleyule ametazamwa kutoka pande mbili za ukuta. Na katika safari ya kutoka shambani kwenda dirishani kuna mtu mmoja ameponyoka, hatajwi tena. Ni mwenye shamba.

Mimi hilo linanigusa kwa sababu babu yangu mzaa baba alifika Morogoro kama manamba, kutoka hukohuko kwenu, kukata mkonge. Unalijua neno hilo? Walipewa namba, wakaitwa kwa namba. Mkononi alikuwa na kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopangiwa haikuhesabiwa. Nyumbani waliobaki waliona kijana ameondoka mzima akitafuta kodi ya kichwa, na miaka ikapita hakuna barua. Wengine hawakurudi kamwe. Mwombe bibi akuhadithie msukule aliyemsikia utotoni alichukuliwa kutoka ukoo gani, na alipelekwa shamba la nani. Sikiliza vizuri anapofika kwenye mwenye shamba.

Kama unataka filamu moja ya leo mtakayoitazama pamoja, tafuta Atlantique ya Mati Diop, ya 2019, iliyopigwa Dakar. Vijana wanajenga ghorofa refu, miezi inapita hawajalipwa, wanapanda mtumbwi kwenda Hispania na bahari inawameza. Usiku wanarudi ndani ya miili ya wasichana wa mtaani, macho meupe, wanaingia sebuleni kwa tajiri na kukaa kwenye makochi yake. Hawamli. Wanadai mshahara. Bibi atawatambua mara moja.

*Dada, mimi ni mwalimu mstaafu, Shinyanga. Wajukuu wanapenda hizi filamu zetu za kutisha. Nimehesabu saba walizoleta likizo hii. Katika sita mchawi ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Mke wangu ana miaka 71 na macho yake ni mekundu. Juzi mjukuu wa mwisho alikataa uji kutoka mkononi mwake. Niandike wapi?*
*Mwalimu, Shinyanga*

Mwalimu, barua yako nimeisoma mara tatu. Umeandika mahali sahihi, na nitaisema kwa sauti niliyo nayo.

Wewe unajua, lakini wasomaji wa pwani huenda hawajui. Macho mekundu ya bibi wa Usukumani ni moshi. Miti imekwisha, anapikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa miaka hamsini. Amewapikia watoto, amewapikia wajukuu, na malipo yake ni macho hayo. Kisha mtoto anaugua, au kuna shamba la mjane ambalo mtu analitaka, na macho yanageuka ushahidi. Wanawake wameuawa kwa mapanga huko kwenu kwa ushahidi huo. Ripoti za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zimewahesabu mwaka baada ya mwaka. Sheria ya uchawi tunayo tangu 1928, inakataza hata kumtangaza mtu kuwa mchawi. Filamu inamtangaza mwanamke yule kila Jumamosi, na hakuna anayeitwa kituoni.

Miaka michache iliyopita vijana walionialika kuangalia wakipiga filamu Bagamoyo walikuwa wamempata bibi mmoja wa kuigiza mchawi. Binti wa vipodozi akamtia wino mwekundu pembeni mwa macho. Bibi alivumilia, akafanya vizuri, akalipwa. Alipoaga alimvuta mwongozaji pembeni na kumwomba jambo moja tu: isionyeshwe kijijini kwake. Mwongozaji alicheka kwa upole akadhani ni aibu za kizee. Mimi niliyekuwa karibu niliuona mkono wa yule mama ulivyomshika kijana shati. Ile haikuwa aibu. Kati ya watu wote waliokuwa pale, mwenye hofu ya kweli alikuwa mchawi wetu.

Vijana wangu mnaotengeneza filamu, hiyo ndiyo filamu ya kutisha, na hakuna aliyeniletea bado. Iwekeni kamera ndani, na yule bibi, usiku. Taa ya koroboi. Mbwa anabweka halafu ananyamaza ghafla. Nyayo nje, za watu zaidi ya mmoja, na sauti mojawapo anaijua kwa kuwa alimbeba mwenyewe mgongoni. Hamhitaji wino mwekundu wala jini.

Na wewe Mwalimu, kwa mjukuu: usimpige, na usimlazimishe kunywa. Mchukue akae jikoni na bibi yake moto unapowashwa, dakika kumi tu, mpaka macho yake mwenyewe yaanze kuwasha. Kisha mpe kioo ajitazame.

*Mwanangu wa miaka minane aliona kipande cha filamu ya kutisha kwa simu ya binamu yake. Wiki mbili sasa halali bila taa. Babake asema nimzimie azoee. Nifanyeje, dada?*
*Mama wa mmoja, Kisauni, Mombasa*

Usimzimie. Giza halimzoeshi mtoto, linamfundisha tu kwamba akiomba msaada hapati.

Mchana, jua likiwa limewaka, mwombe binamu akipate kile kipande. Kaa na mtoto, mshike, na mkitazame bila sauti hata kidogo. Katika filamu hizi sauti ndiyo inayofanya kazi kubwa: mlio mzito unaopanda polepole, ukimya, halafu kishindo. Ukiiondoa sauti utaona mtu aliyepakwa unga anatembea kwenye korido. Nilikuwa na umri wa mwanao baba aliponifanyia hivyo kibandani, wateja wakiwa wameondoka. Aliviringisha kitufe cha sauti hadi chini, akanipa kipaza sauti chake cha waya, akaniambia, "Tafsiri wewe." Nilimfanya yule jitu alalamike kwamba viatu vinambana.

Mpe mwanao nafasi ya kutafsiri. Anaweza kutaka mrudie mara nne au tano, mwache. Akimaliza muulize ni nini hasa kilichomtisha, usimkisie wewe. Mara nyingi si jitu. Ni kwamba mtoto ndani ya filamu aliita mama na hakuna aliyekuja.

Na taa ya korido iache ikiwaka. Umeme wake ni mdogo.