Umeziba baridi, umeziba na hewa: maswali yenu ya kutotoa na kulea vifaranga msimu wa baridi

Tangu mwezi wa sita uingie simu yangu haitulii, wengi wenu mko Nyanda za Juu Kusini na wote mnalia kitu kimoja, vifaranga wanaisha. Nimechukua maswali matatu, la kwanza nimelijibu kwa kirefu kwa sababu najua liko kwenye nyumba nyingi sana.

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni mama wa nyumbani niko Njombe, nimenunua mashine ndogo ya kutotolesha ya mayai 64, nikaweka mayai 60 ya kuku wangu wa kienyeji. Sasa huku unajua baridi yake, nikaona isije ikaniharibia, mashine nikaifunika blanketi na vile vitundu vya juu nikaviziba na selotepu ili joto lisitoke. Wametoka 19 tu. Nikapasua yaliyobaki, mengi nakuta kifaranga kamili, ana manyoya ana mdomo, amekufa. Hao 19 nikawaweka stoo na jiko la mkaa, dirisha nimefunga na chini ya mlango nimesokomeza khanga, ndani ya siku 5 wamekufa 9. Nimekosea wapi? Mume wangu anasema jogoo wetu ni mzee, tumchinje.

JIBU: Nzuri mama, na pole sana, najua uchungu wa kupasua yai ukakuta kifaranga mzima kabisa amekufa. Ila jogoo msimchinje, hana kosa. Jogoo akiwa mbovu yai linabaki na kiini chake cha kawaida, hakuna mishipa hakuna kitu, na hilo ungeliona mapema tu siku ya 7 ukiyamulika mayai gizani kwa tochi. Wewe umekuta kifaranga ameshakamilika, maana yake mbegu ilikuwepo na joto la siku nyingi lilikuwa linatosha, amefia mlangoni.

Kilichomuua kwa ninavyoona ni ile selotepu. Yai linapumua mama. Ganda lina matundu madogo madogo, hewa inaingia na hewa chafu inatoka, na kadiri kifaranga anavyokua ndo anavyohitaji hewa nyingi zaidi. Ikifika kama siku ya 19 hivi anatoboa kwa mdomo kile chumba cha hewa kilichopo upande mnene wa yai, hapo ndo anaanza kuvuta pumzi kwa mapafu yake mwenyewe, kabla hata hujaona ufa kwenye ganda. Sasa fikiria mayai 60 yote yanavuta hewa kwenye kiboksi kimoja na vitundu umeviziba. Na Njombe iko juu, karibu mita 2,000, hewa yenyewe ya huko ni nyepesi kuliko ya Dar, kwa hiyo kosa ambalo mtu wa pwani angeponea kidogo huko kwenu linaua.

Mara nyingine usiivalishe mashine nguo, pasha chumba. Iweke chumba cha ndani kisicho na upepo, mbali na mlango na dirisha, ukuta unaopakana na jiko la kupikia ni mzuri sana ilimradi moshi haufiki. Vitundu vifungue kidogo mwanzoni na kuanzia siku ya 18 viwe wazi vyote. Joto 37.5 kwa mashine yenye feni, unyevu asilimia 50 hadi 55 mpaka siku ya 18 halafu upandishe ufike 65 hadi 70, na ukishapandisha mfuniko usiuguse, najua mtu unatamani kuchungulia lakini kila ukifungua unyevu unatoka, ngozi ya ndani ya yai inakauka na kumgandia kifaranga, anashindwa kugeuka. Kugeuza mayai si chini ya mara 3 kwa siku, unaacha hiyo siku ya 18. Na kipimajoto cha mashine usikiamini hivihivi, chukua kile cha homa cha dijitali weka pembeni yake uone kama vinaelewana, maana nyuzi moja tu ikizidi au kupungua kwa siku zote hizo hesabu yako inaharibika.

Halafu hilo la stoo mama, hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hata wewe mwenyewe unaingia humo kuwalisha. Mkaa kwenye chumba kilichozibwa unatoa hewa ya sumu ambayo haina harufu, haina rangi, na usijidanganye kwamba ukishakolea ukawa mwekundu bila moshi ndo umekuwa salama, bado inatoka. Kifaranga anaanza kulegea, anafumba macho, unasema baridi, unaongeza mkaa. Kumbe ndo unammaliza. Ukilazimika kutumia jiko washia nje, lizungushie wavu au matofali, na acha uwazi juu karibu na dari pande mbili ili hewa ipite juu ya vifaranga bila kuwapiga mwilini. Mtu asilale humo, na jiko hilo lisihamie chumbani kwa watoto hata baridi iweje.

Ila kwa vifaranga 10 uliobaki nao wala huhitaji jiko. Tengeneza bruda, yaani boksi la kulelea vifaranga, isiyotumia moto, wenzetu Kenya na Ethiopia wanaijua sana. Boksi la mbao au katoni ngumu, ndani yake unatengeneza kachumba kadogo kama kiota, pembeni kote unashindilia nyasi kavu, juu unalaza mto wa kitambaa uliojaa nyasi vilevile, ushuke mpaka karibu uguse migongo yao, na unaacha kamlango ka kutokea kwenda kwenye chakula. Joto lao wenyewe ndo linawatosha. Siku za mwanzo usiku unaongezea chupa ya maji moto iliyofungwa kwa soksi, unaibadilisha kabla hujalala na ukiamka alfajiri. Maji ya kunywa yawe ya uvuguvugu, yasiwe yametoka bombani yana ganzi.

Joto la wiki ya kwanza ni 32 hadi 35 pale chini wanapokanyaga, siyo juu ukutani ulipotundika kipimo, unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Lakini zaidi ya kipimo angalia wao wenyewe. Wamerundikana na wanalia kwa sauti kali, baridi. Wametawanyika kuzikimbilia kingo, midomo wazi, joto limezidi. Wamesogea wote upande mmoja, kuna upepo unaingia, utafute. Mimi mwaka wangu wa kwanza niliamka saa 9 usiku nikakuta wamejibana kona moja ya boksi, nikaanza kuwatoa mmoja mmoja kwa mkono, wa juu wazima wanapiga kelele, wa katikati wamelowa, wa chini kabisa wamelala bapa kama vitambaa. Tangu siku hiyo boksi langu halina kona, nazungushia katoni liwe duara, na maranda nabadilisha yakilowa tu kwa sababu yakikaa na unyevu kuhara damu nayo hiyo inafika.

Chanjo ya kideri, ule ugonjwa wa virusi unaofyeka kuku, wape siku ya 7, urudie siku ya 21, ila kifaranga aliyezubaa kwa baridi msubiri apate nguvu kwanza.

SWALI: Mambo vipi kaka, niko Mafinga. Kuku wangu ameanza kulalia mwezi huu wa saba, wazee wananiambia nimwamshe vifaranga watakufa. Nimuache au nimtoe?

JIBU: Poa kabisa mdogo wangu. Muache, kuku anayelalia vizuri ni mashine isiyokatika umeme. Ila mpunguzie mayai, kama huwa anafunika 15 mpe 10 au 11, kwa sababu kwenye baridi yai linalobaki pembeni nje ya kifua linapoa na akiyazungusha kila siku linapoa lingine. Mayai yenyewe yasizidi siku 7 tangu kutagwa, na yaokote mchana na jioni, yasilale bandani, kwa baridi ya usiku wa Mafinga asubuhi yai unalishika kama barafu. Kiota kipandishe juu ya sakafu, nyasi kavu nyingi, nyunyiza dawa ya viroboto na utitiri kabla hajakaa, na chakula na maji viwe karibu ili akitoka arudi upesi. Wakishatoka ndo wazee wako wana hoja, mama yao asiwaburuze kwenye umande asubuhi. Wafungie mpaka jua litoke na nyasi zikauke, fanya hivyo mpaka waote manyoya vizuri, ni kama wiki 5 au 6.

SWALI: Hujambo daktari, mimi ni msomaji kutoka Limuru, Kenya. Huku July ni baridi na ukungu kila siku, na stima hupotea hata masaa manne. Mayai yangu yako siku ya 19. Ikipotea leo nifanye nini?

JIBU: Sijambo ndugu yangu. Masaa manne kwa kawaida hayaui mayai, yanachelewesha tu, pengine watoke siku ya 22 badala ya 21. Yangekuwa ya wiki ya kwanza ningekwambia funika vizuri, kwa sababu kifaranga wa ndani bado hana joto lake. Ya siku ya 19 yanajitengenezea joto, na hatari yake kubwa ni kukosa hewa feni ikisimama. Kwa hiyo tupia blanketi pembeni tu, vitundu vya juu viache wazi, weka chupa mbili za maji moto nje ukutani mwa mashine, na usifungue. Sogeza sikio karibu, ukiwasikia wanalia humo ndani ya maganda ujue bado wapo, acha mfuniko ulivyo na usubiri stima.