Barua kwa mwanangu: unakunywa nini kingine?

Binti yangu,

Assalaam alaykum. Umeniuliza uanze vile vidonge vya sertralini alivyokuandikia daktari huko Nairobi kwa ajili ya mashambulio ya hofu, au uviweke kwanza ujaribu habbat soda na zile tembe za mmea wa Hypericum alizokuletea rafiki yako kutoka Ujerumani. Kisha ukaongeza: "Baba, wewe ndiye unayeuza dawa za asili, wewe ndiye unayejua."

Ni kweli nauza. Karo yako, nguo zako za Idi, hata nauli ya basi iliyokupeleka Nairobi mara ya kwanza, vyote vilitoka kwenye habbat soda, ubani na mdalasini wa hapa Marikiti, Mombasa. Sitaitukana riziki yangu. Lakini kabla sijampimia mtu chochote humuuliza: unakunywa nini kingine? Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisimama juu ya kreti la soda nyuma ya kaunta ukiwauliza wateja swali hilo hilo kwa sauti yangu. Hukupata kujua nilianza lini kuliuliza.

Nilianza kwa sababu ya shangazi yako. Habari zake na feri umezisikia kwa watu wa Likoni, nao huzisimulia nusu. Feri ya Mtongwe ilipozama tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 wakafa, yeye hakuwa ndani. Aliyekuwa ndani ni jirani yake, yule waliyekuwa wakivuka pamoja kila asubuhi kwenda kazini. Shangazi yako alimzika mwenzake, akarudi kazini, sote tukasema ni mwanamke wa chuma. Miezi ikapita. Siku moja, kwenye foleni ya Likoni, ndiyo ikaanza: moyo mbio, vidole vinakufa ganzi, pumzi haitoshi, na yakini kwamba anakufa papo hapo. Hayo hayo uliyoniandikia wewe, mama, karibu neno kwa neno. Nilipoyasoma ilinibidi niiweke simu chini.

Hospitali wakampa vidonge vya diazepamu, dawa ya kutuliza. Vilimtuliza siku hiyo hiyo. Lakini mama mkwe wake, Mungu amrehemu, akasema hivyo ni vidonge vya wendawazimu, havitaingia nyumbani kwake, na mgonjwa ni wa kusomewa. Basi shangazi yako akawa na maisha mawili. Mchana alikunywa kombe mbele ya watu, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa marashi ya waridi, sahani inapita mkono kwa mkono. Usiku alichukua kidonge alichokificha ndani ya debe la mchele. Mzee aliyemwandikia kombe hakuambiwa habari ya vidonge. Daktari hakuambiwa habari ya mzee. Siku debe lilipogunduliwa, vikatupwa vyote chooni.

Vidonge vya aina ile mwili huvizoea. Ukivikata ghafla baada ya kuvitumia kwa muda, hofu hurudi kwa nguvu kuliko ya mwanzo, na usingizi hukukimbia. Nyumba ile hapakuwa na hata mmoja aliyelijua hilo. Walimwona anatetemeka, halali, anajikuna shingo, wakasema jini amekasirika. Wakamfungia chumbani, madirisha yote yamefungwa, wakamfukizia ubani. Mtu ambaye ugonjwa wake wote ni kukosa pumzi! Nilipofika alikuwa amelala chini, mdomo ameuweka kwenye upenyo chini ya mlango, anatafuta hewa. Ubani wenyewe ulikuwa umetoka dukani kwangu. Wallahi, mwanangu, mpaka leo nikipita mahali ubani unafukizwa chumba kikiwa kimefungwa, hasira hunipanda nikashindwa kusalimia watu vizuri.

Kilichomsaidia hakikuwa kitu kimoja. Nilimrudisha hospitali nikamwambia aseme yote, na la kombe pia. Daktari hakucheka. Alimrudishia vidonge kisha akawa anavipunguza kidogo kidogo, na kisomo akasema kiendelee ikiwa kinampa utulivu. Nesi mmoja akamfundisha kutoa pumzi polepole, ndefu kuliko anavyoivuta, na kumwambia kwamba shambulio likipanda hufika kileleni kwa dakika chache, kisha hushuka lenyewe hata usipofanya lolote. Halafu tukaanza safari za Likoni, mimi na yeye. Mwanzo tulisimama tu juu, kwenye mteremko, tukatazama feri zikija na kuondoka, tukarudi nyumbani. Baadaye tukashuka mpaka majini. Siku alipovuka, alishika chuma cha pembeni kwa mikono miwili, na tulipogusa upande wa pili akaniambia, "Kaka, nina njaa." Tulikula viazi vya karai pale pale penye vumbi la matatu. Sijapata kula viazi vitamu kama vile.

Nakuandikia haya najua utasema, Baba, mimi sikukuuliza habari za shangazi. Ni kweli. Umeniuliza kipi ni bora. Mimi nakuuliza nani anajua unachokunywa.

Tembe za Hypericum zimeandikwa "za asili" kwenye pakiti, na hiyo si sababu ya kuziamini. Mmea huo una nguvu kweli. Ukiuchanganya na sertralini, serotonini, ile kemikali ya mwilini inayopeleka ujumbe wa neva, yaweza kupanda kupita kiasi, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali. Hupunguza pia nguvu za vidonge vya uzazi, dawa za kuzuia damu kuganda na za virusi vya ukimwi. Na kungumanga, hii tunayoitia kwenye maandazi, ikizidi kipimo huupeleka moyo mbio na kumwonyesha mtu yasiyokuwepo. Nimewanyima watu waliokuja kuitaka kwa vijiko ili wapate usingizi. Habbat soda sina neno nayo, lakini sijaona mtu iliyemtoa kwenye ugonjwa huu peke yake, nami ningependa sana kuona.

Kisha najijibu mwenyewe: mzee, nawe umewaona waliotulia kwa kisomo na kwa kuacha miraa na kahawa tungu tu. Nimewaona. Na nimeona waliokwama ndani ya nyumba miaka kwa kuogopa kidonge. Sertralini si kama ile diazepamu. Haitulizi siku hiyo hiyo. Huchukua wiki kadhaa, na mwanzoni yaweza kukuzidishia wasiwasi, ndiyo maana huanzwa kwa kipimo kidogo. Nayo haikatwi ghafla. Na iko tiba ya mazungumzo, ya kufundishwa kuikabili hofu hatua kwa hatua, ambayo ni miongoni mwa tiba za kwanza kabisa za ugonjwa huu. Shangazi yako aliifanya Likoni bila kujua ina jina.

Ulimi unaniwasha nikuchagulie. Lakini moyo wako umepimwa, tezi yako ya shingoni imepimwa, daktari amekuona uso kwa uso, na mimi niko Mombasa nyuma ya mizani. Mwili ni wako. Uamuzi nakuachia, na kwangu si rahisi.

Moja tu nakuamuru kama baba: Hypericum na sertralini visikutane mwilini mwako, na usianze hata kimoja kabla hujaonana na daktari tena. Andika kwenye karatasi kila unachokunywa, habbat soda, kahawa ya ofisini ni vikombe vingapi, vidonge vya uzazi kama unatumia (hilo usiniambie mimi, mwambie yeye), na ile chupa ya maji ya kisomo aliyokutumia bibi yako. Usione haya kuitaja. Akikudharau kwa hilo, tafuta daktari mwingine, gharama nitalipa.

Ukitoka kliniki nipigie baada ya Isha, duka litakuwa limefungwa. Shangazi yako pia anataka kuongea nawe.

Babako